Ziada hii ni ya nani?

Mezani kulikuwa na sanduku la bati, daftari la mauzo pembeni yake, na vijana 19 wakizungumza kwa wakati mmoja. Duka letu dogo la vifaa vya kuandikia lilikuwa limefunga hesabu zake za kwanza. Mhazini, msichana wa miaka 14, alikuwa amesimama akasoma jumla tatu kwa sauti iliyotetemeka: mapato, matumizi, ziada. Waliposikia ile ya tatu walipiga makofi mpaka meza ikatikisika. Kisha mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono na kuuliza, "Sasa hii ziada ni ya nani?"

Makofi yakakatika. Waliokuwa wakisimama dukani kila siku kuuza walisema ni yao, kwa sababu wao ndio waliotoa jasho. Mmoja aliyelipa hisa nyingi tangu mwanzo alisema bila fedha zake kusingekuwa na daftari la kwanza kununuliwa, basi apewe zaidi. Wengine walisema igawanywe sawasawa na kila mtu aende nyumbani, "kwa kuwa huu ni ushirika." Msichana mmoja mpole, ambaye kwa kawaida hatumsikii, alisema yeye ndiye aliyenunua kalamu na madaftari mengi kuliko wote, kwa hiyo sehemu ya ziada hiyo ilitoka mfukoni mwake. Mwenyekiti akagonga meza. Hakuna aliyesikia.

Mimi ni mlezi wa kikundi. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mikono imebanwa katikati ya magoti, nikijua jibu ambalo vyama vya ushirika vimelitumia kwa zaidi ya miaka 170. Nilitamani sana kulisema. Sikulisema. Kikao kilivunjika bila uamuzi, vijana wakaondoka wamenuna, na nikabaki peke yangu na lile sanduku, nikijiambia kwamba hatimaye somo limeanza.

Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha ushirika kwa njia ambayo walimu wengi huitumia. Nilikuwa nikisimama mbele na chaki, naandika kanuni saba zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, kuanzia uanachama wa hiari mpaka kuijali jamii, na vijana wananakili. Walizikariri vizuri. Lakini mwezi mmoja baadaye ukimuuliza yeyote kati yao chama cha ushirika ni nini, jibu lilikuwa moja: "Ni kusaidiana."

Nimefikiri sana juu ya jibu hilo, na nadhani sehemu ya tatizo iko katika lugha yetu yenyewe. Kushiriki, ushirikiano, shirika, ushirika: maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, na kijana akisikia moja, mengine yote yanaitika. Ukimwambia "ushirika," anasikia wema, umoja, kubebana. Wala hakosei kuvipenda vitu hivyo. Ila chama cha ushirika ni biashara. Kinanunua na kuuza, kinaweza kupata hasara, kinaweza kudaiwa, kinaweza kufa. Tofauti yake na biashara nyingine iko katika maswali matatu: wenye mali ni nani, anayeamua ni nani, na ziada inakwenda kwa nani. Katika kampuni ya kawaida ya hisa, maswali yote matatu yana jibu moja, yaani mwenye mtaji, na mwenye mtaji mkubwa ana sauti kubwa. Katika ushirika majibu yote yanamrudia mwanachama anayeitumia biashara hiyo, mwenye kura moja tu hata kama hisa zake ni nyingi.

Ndiyo maana siridhiki tena na michezo peke yake. Kuna ule mchezo wa viti unaogeuzwa: kila muziki ukinyamaza kiti kimoja kinaondolewa, lakini hakuna anayetoka, bali wote wanabanana kwenye viti vilivyobaki mpaka mwisho kikundi kizima kinang'ang'ania kiti kimoja. Ni mchezo mzuri na vijana hucheka sana, nami bado nautumia siku ya kwanza ili watu wazoeane. Lakini unafundisha ushirikiano, haufundishi ushirika. Hakuna katika mchezo ule anayeweza kupoteza kitu chake. Kijana anaanza kufikiri kama mwanachama siku ile fedha yake mwenyewe, hata iwe kidogo kiasi gani, inapokaa kwenye sanduku pamoja na za wenzake na uamuzi wa wengi unaweza kuipeleka asikotaka.

Kwa hiyo tulifungua duka. Tulichagua vifaa vya kuandikia kwa sababu kila mmoja wao anavitumia, na hilo ni jambo la msingi kuliko linavyoonekana. Vikundi vingi vya vijana huanza kwa kuuliza, "Tuuze nini kwa watu?" Ushirika unaanza na swali jingine: "Sisi wenyewe tunahitaji nini ambacho kila mmoja akikinunua peke yake kinamgharimu zaidi?" Madaftari kwa dazeni ni nafuu kuliko moja moja. Kila mmoja akaahidi angalau hisa moja, na walioshindwa kuilipa kwa mara moja waliruhusiwa kuilipa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Hata waanzilishi wa duka maarufu la ushirika la mji wa Rochdale, huko Uingereza, walijichangisha hivyohivyo, senti chache kwa juma, mpaka wakapata mtaji wa pauni 28.

Masharti ya chama waliyaandika wao. Ilichukua vikao vinne, na kuna vifungu ambavyo nisingeviandika mimi. Kwa mfano, waliweka kwamba mwanachama asipofika vikao vitatu mfululizo bila taarifa anapoteza haki ya kuchaguliwa, ila si haki ya kupiga kura. Niliwauliza kwa nini wametofautisha. Mmoja akajibu kwamba kura ni ya mtu, lakini uongozi ni kazi, na kazi ina mahudhurio. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uwe halali, waliiweka kuwa theluthi mbili. Walipoikosa mara ya kwanza, wakalazimika kuahirisha mkutano na kurudi siku nyingine, ndipo walipoelewa akidi ni nini, jambo ambalo chaki yangu haikuwahi kulifanikisha.

Wiki ya tano ikaja shida ambayo ningeweza kuizuia. Wauzaji walianza kukopesha. Mwanzoni ilikuwa kalamu moja kwa rafiki, "nitalipa kesho." Kisha madaftari mawili kwa kaka wa rafiki. Katibu aliniletea orodha ya wadaiwa akiwa na hofu usoni, na tulipojumlisha, karibu theluthi ya bidhaa zilizotoka dukani zilikuwa hazijalipiwa. Fedha za kununulia dazeni nyingine hazikuwepo. Rafu zilikuwa tupu na wateja walikuwepo, hali ambayo mtu mzima yeyote aliyewahi kufanya biashara anaijua inavyouma.

Nilichofanya ni kuwasimulia habari. Katika mji wa Rochdale, kabla ya lile duka maarufu, wafanyakazi walikuwa wamejaribu mara moja. Mwaka 1833 walifungua duka lao la ushirika katika mtaa wa Toad Lane, na halikumaliza miaka mingi; liliporomoka baada ya kama miwili, na kukopesha ndiko kulikolimaliza. Watu hawakuwa wabaya. Walikuwa maskini, na muuzaji alikuwa jirani yao. Nani anaweza kumnyima jirani? Waanzilishi 28 walipofungua tena katika mtaa uleule, tarehe 21 Desemba 1844, wakiwa na siagi, sukari, unga na mishumaa michache, waliweka sharti lililowauma wao wenyewe: fedha taslimu tu. Hakuna mkopo kwa mtu yeyote, hata mwanachama.

Nilipomaliza nilinyamaza. Mwenyekiti aliuliza, "Kwa hiyo na sisi tupige marufuku?" Nikamwambia hilo ni swali la mkutano, mimi sina kura. Walijadili kwa muda mrefu. Wapo waliosema kumnyima mwenzako daftari siku ya mtihani ni ukatili. Mwishowe walipitisha kitu ambacho si cha Rochdale: hakuna mkopo dukani, lakini kila mwezi kiasi kidogo kitatengwa kwenye bahasha ya dharura, na anayehitaji ataomba kwa wanachama wawili waliochaguliwa, wala si kwa muuzaji. Yaani walitenganisha urafiki na kaunta. Sidhani ningekuja na suluhisho zuri kuliko hilo, na ninafurahi kwamba sikupewa nafasi ya kujaribu.

Hapa niseme jambo kwa walezi wenzangu, kwa sababu naona tunalikosea zaidi kuliko jingine lolote. Kikundi cha vijana kinapoyumba, mikono yetu huwasha. Tunalipa deni kimyakimya kutoka mfukoni, tunarekebisha hesabu usiku ili asubuhi zionekane zimelingana, tunamnong'oneza mwenyekiti la kusema. Tunafanya hivyo kwa upendo. Lakini kila tunapofanya hivyo tunawafundisha kwamba mwenye mali halisi ni sisi, na wao ni wageni wanaocheza dukani. Nimejiwekea mipaka miwili tu ya kuingilia: usalama wa mtoto na wizi. Mengine yote, pamoja na hasara, ni yao.

Hesabu nazo ni zao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huu niliubandika ukutani. Tuna kamati ya usimamizi ya watu wawili wasio kwenye uongozi, wanaohesabu sanduku siku wanayoichagua wenyewe bila kumwambia mhazini. Mara ya kwanza mhazini alilia, akidhani anatuhumiwa. Tulikaa naye. Nilimwambia kwamba ukaguzi ni ngao yake: siku mtu akisema nyuma ya mgongo wake kwamba fedha zimeliwa, atakuwa na karatasi iliyosainiwa na wawili ambao si marafiki zake. Tangu hapo yeye ndiye anayewakumbusha wakaguzi wakichelewa.

Wapo wanaoniambia kwamba vijana wa umri huu ni wadogo mno kwa mambo haya. Historia inasema vingine. Ufaransa, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkaguzi wa shule aitwaye Barthélemy Profit alieneza ushirika wa shuleni, watoto wakikusanya fedha kwa ajili ya vifaa vya shule zao na kuchagua viongozi miongoni mwao. Mwaka 1928 likaundwa shirika la taifa la kuunganisha vyama hivyo, na lipo mpaka leo. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, wakati wa likizo ya kiangazi vijana wa sekondari huunda vyama vya ushirika vya huduma: wanatafuta kazi za kukata nyasi au kulea watoto, wanapanga bei, wanachagua bodi, wanagawana mapato, na walezi wachache tu wako pembeni. Ni kweli sheria za nchi nyingi haziruhusu mtoto kuwa mwanachama kamili wa chama kilichosajiliwa, na mikataba na benki huhitaji mtu mzima. Hilo ni suala la makaratasi, na mtu mzima anayeaminika anaweza kulibeba bila kuchukua usukani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa padri kijana, José María Arizmendiarrieta, aliyefika Mondragón, kaskazini mwa Hispania, mwaka 1941, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mji ulikuwa umechoka na umegawanyika. Hakuanza na kiwanda. Alianza na vijana: michezo, vikundi vya majadiliano, kisha mwaka 1943 shule ndogo ya ufundi. Kiwanda cha kwanza, Ulgor, kilichotengeneza majiko ya mafuta ya taa, kilianza kazi Mondragón mwaka 1956, na walioanzisha walikuwa vijana watano waliopita mikononi mwake. Hesabu miaka hiyo: 13 kati ya shule na kiwanda hicho. Leo vyama vilivyozaliwa kutoka hapo vina wafanyakazi makumi ya maelfu. Vijana wangu huwa nawaambia pia sehemu isiyopendeza, kwamba chipukizi la kiwanda kilekile cha majiko, Fagor Electrodomésticos, lilifilisika mwaka 2013, na kwamba wengi wa wanachama wake walipokelewa na vyama ndugu. Wanastahili kujua kwamba ushirika unaweza kuanguka, na wanastahili kujua pia kilichowadaka walioanguka.

Basi turudi kwenye ziada. Juma lililofuata nilikuja na mfuko wa vifungo vya nguo. Niliwaita watatu mbele. Nikasema: tuseme chama chenu kina wanachama hawa watatu na ziada ya vifungo 120. Wa kwanza ana hisa 6 na amenunua madaftari 10. Wa pili ana hisa 3, amenunua 20. Wa tatu ana hisa 1 tu, lakini amenunua 30. Gawanyeni.

Waligawanya kwanza kwa hisa. Wa kwanza akapata 72, wa pili 36, wa tatu 12. Nilimwomba wa tatu aangalie kiganja chake na aseme anajisikiaje, akasema, "Mimi ndiye niliyenunua nusu ya madaftari yote." Wakagawanya sawasawa, 40 kila mmoja, na kukawa kimya kidogo, kisha wa pili akauliza kwa nini mtu anunue dukani kwao basi, kama asiyenunua anapata sawa na anayenunua. Wakagawanya kwa manunuzi: 20, 40, 60. Chumba kikachangamka. Hapo ndipo mwenye hisa nyingi, yule halisi, aliyeinuka wiki iliyopita, akasema kwa utulivu kwamba hata mtaji wake ulifanya kazi, na sasa haupati kitu.

Nikawaambia jinsi vyama vingi vya ushirika vinavyofanya, kwa sababu sasa walikuwa wameuliza. Hisa zipate gawio, lakini dogo lenye kikomo. Sehemu iende kwenye akiba ya chama, isiyogawanywa. Rochdale walitenga pia asilimia 2.5 ya ziada kwa ajili ya elimu, wakajijengea maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Kinachobaki ndicho kinachorudi kwa wanachama kulingana na walivyolitumia duka. Tukajaribu na vifungo: 10 kwa hisa, 40 kwa akiba, 10 kwa elimu, 60 kwa manunuzi. Wa kwanza akaondoka na 16, wa pili 23, wa tatu 31. Hakuna aliyefurahi kabisa na hakuna aliyelalamika, na yule msichana mpole alikuwa akitabasamu, maana hoja yake ya wiki iliyopita ilikuwa imepata jina na hesabu.

Mkutano ukaitishwa upya, akidi ikatimia, na hoja ya kugawa kwa njia hiyo ikapita kwa kura 15 dhidi ya 4. Mwenyekiti akamgeukia katibu: "Tusomee kila mtu amenunua kiasi gani."

Katibu akafungua daftari la mauzo. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Kalamu mbili, daftari moja, rula, kalamu, madaftari matatu. Tarehe zipo, bei zipo, jumla zimelingana mpaka ya mwisho. Majina ya wanunuzi hayapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba siku moja tungehitaji kujua nani alinunua nini, nami nilikuwa miongoni mwao.

Walikaa na jambo hilo kwa muda. Mtu mmoja akapendekeza kila mwanachama ataje mwenyewe alichonunua na aaminiwe. Hoja ikashindwa, na nadhani msichana aliyenunua zaidi ya wote alikuwa wa kwanza kupiga kura ya kuipinga. Mwishowe waliamua gawio dogo la hisa litolewe, na ziada yote iliyobaki iingie kwenye akiba, kwa kuwa haiwezekani kuigawa kwa haki. Niliwasimulia kwamba huko Uingereza kila mwanachama wa duka la ushirika alikuwa na namba yake, akiitaja kila anaponunua, na wazee wengi waliikumbuka namba hiyo mpaka mwisho wa maisha yao. Yule mvulana wa dirishani, aliyeuliza swali la kwanza, akaniomba nirudie.

Jumatatu iliyofuata nilipita dukani kabla hawajafungua. Daftari la mauzo lilikuwa juu ya sanduku. Katika kila ukurasa uliobaki mtu alikuwa amechora kwa rula mstari wa wima, kutoka juu mpaka chini, na juu ya safu hiyo mpya, kwa herufi kubwa, ameandika NAMBA YA MWANACHAMA.